Fundi Picha na shavu lenye kahawa

Nilimfuta bibi mmoja kahawa shavuni. Nianze na hilo mwenyewe, maana nisiposema mimi watu wa hapa Rugera watalisema, na wao wakisimulia huongeza chumvi.

Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa jirani yangu, Mama Alinda, na alikuwa ameshafariki. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, nyeusi na nyeupe, ya studio, imekaa ndani ya fremu miaka mingi mpaka ikagandana na kioo. Mama Alinda alitaka ikuzwe iwekwe mezani siku ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka. Akaniletea mimi kwa sababu nina kamera, nina kompyuta, na wakati wowote akipita ananikuta nyumbani. Nikaipiga picha kwanza ikiwa humo humo kwenye kioo, na hapo nilitumia akili. Halafu nikataka nakala safi zaidi, nikaibandua. Uso ukabaki kwenye kioo, vipande vipande, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nikajifariji kwamba nakala ninayo kwenye kompyuta.

Kwenye nakala hiyo nikaona shavu la kushoto limevimba. Nikamhurumia bibi wa watu. Jino, nikasema, au jipu. Programu niliyokuwa naijaribu wiki ile ilikuwa na kitufe cha kulainisha uso na kingine cha kusawazisha. Nikasawazisha, shavu likalala. Nikalainisha, mikunjo ikaondoka, na bibi aliyekuwa na wajukuu akageuka mwanakwaya wa kidato cha tatu. Kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi juu ya ile ya mwanzo. Nikajibu ndiyo. Kompyuta ikiniuliza jambo huwa najibu ndiyo, kwa heshima tu.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nimekulia katika nyumba ambazo mgeni hajakaa vizuri mpaka aletewe kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikaanikwa mpaka ikakauka. Bibi zangu wote wawili niliwaona wakiongea, wakisali na wakigombana shavu moja limejaa. Na bado, mbele ya shavu lililojaa, nilichofikiria mimi ni jipu.

Mama Alinda aliitazama kazi yangu akaniuliza huyu ni nani. Nilipomjibu, akaomba ile ya zamani. Nikamwonyesha kioo. Akasema ibada ni Jumapili ya wiki ijayo, wajomba wanatoka Bukoba, na yeye hawezi kuwawekea mezani mtu asiyemjua. Akaondoka bila kuaga. Alichukua ile picha yangu, nadhani kama ushahidi.

Aliyempiga picha bibi yule alikuwa Fundi, na Fundi ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Kosa langu ni mlango tu wa kuingilia.

Jina alikuwa nalo, na wapo waliolijua. Sisi tulimwita Fundi, hata watoto wake. Kayanga, mji wetu, ilikuwa na mafundi wengi, wa cherehani, wa redio, wa baiskeli, lakini hao walihitaji neno la pili. Ukisema Fundi peke yake, mtu alikuelekeza nyuma ya soko, kwenye mlango wa bluu wenye picha za paspoti za watu ambao baadhi yao wameshazeeka na wengine wameshazikwa. Hakuzibadilisha. Alisema wateja wakiona sura ya zamani wanajua duka halijahama.

Wazee wake walitoka pwani, naye aliongea Kiswahili kilichonyooka kilichotufanya sisi Wanyambo tujisikie tumevaa viatu vya kuazima. Hata hivyo bei alitaja kwa Kinyambo, na matusi pia. Adhuhuri alifunga mlango akaenda kuswali, na kama mteja alikuwa ameshakaa kwenye kigoda alimwambia akae hivyo hivyo, asisogee, anarudi. Nimeshuhudia mzee mmoja akikaa bila kusogea muda wote huo, kidevu juu, mpaka Fundi aliporudi na kumkuta kama alivyomwacha. Picha ile ilitoka nzuri sana. Fundi alisema mtu akishachoka kujipanga ndipo anapofika mwenyewe.

Kahawa yetu aliikebehi. Kahawa ni ya kunywa, alisema, ninyi mnaitafuna kama mbuzi. Lakini juu ya meza yake palikuwa na kopo la hiyo hiyo kahawa ya mbuzi, kwa ajili ya wateja, maana alijua mtu wa hapa asipokaribishwa hakai, na asipokaa hapigwi picha.

Halafu kulikuwa na koti. Wa umri wangu wote wanalijua. Koti la bluu iliyoiva, mabega mapana, kifungo cha katikati hakipo, lilining'inia kwenye msumari kando ya pazia. Mkulima aliyekuja na shati la shambani alivikwa, akafungwa na tai ambayo ilikuwa imeshafungwa tayari kwa lastiki. Baba yangu amelivaa. Mjomba wangu amelivaa. Mtu mmoja alikwenda ukweni kwa mara ya kwanza, akainua macho ukutani akamkuta baba mkwe ndani ya koti alilopigia yeye picha ya posa.

Mimi niliwahi kumuuliza Fundi inakuwaje anatugombeza kwa kubadilisha sura za watu wakati yeye amewavika wilaya nzima koti moja. Hakuona ugumu wowote.

"Koti anavua hapo mlangoni," alisema. "Uso anarudi nao kwa mkewe."

Ukimsikiliza ungedhani hajawahi kugusa uso wa mtu. Alikuwa amegusa nyingi. Enzi za filamu alikuwa na penseli tatu zilizochongwa kama sindano, na kwa hizo alidonoa negativu, yaani filamu yenyewe, nukta kwa nukta, akijaza kivuli pale alipotaka picha itoke nyeupe. Maharusi wote wa Kayanga walitoka kwake bila chunusi. Sheria yake ilikuwa moja. Chunusi alifuta, kwa sababu mwezi ujao isingekuwepo. Kovu, mwanya, kipara, jicho lililolegea, hayo hakuyagusa, hata mwenyewe alipoomba. Mwenyekiti mmoja wa kijiji alitaka kuondolewa kovu la panga juu ya nyusi. Fundi alimwambia akalitoe hospitali kwanza, kisha arudi.

Urafiki wetu ulianza nilipopata kamera ya mtumba. Sikuwa na mpango wa kuifanya kazi. Kazi ingenitoa nyumbani. Nilipiga picha vitu vilivyokubali kuja mpaka mlangoni kwangu: ndizi, mvua, mbuzi wa Mama Alinda, Mama Alinda akifukuza mbuzi wake. Nilipozikuza nikaona hazifanani na picha za kwenye simu za watu, nikaambiwa wenzangu wanaediti. Ndipo ikaanza safari yangu ya kutafuta programu, safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya, na yote niliifanya nimekaa.

Programu ya kwanza ilitaka kulipwa kila mwezi, kama mwalimu wa masomo ya ziada. Ya pili ilikuwa ya bure, lakini ilikuwa na vitufe vingi hivi kwamba siku ya tatu nilikuwa bado natafuta cha kufungulia picha. Ya tatu ilikuwa nzito. Kila nilipoiwasha, feni ya kompyuta yangu ilivuma kama mashine ya kukoboa kahawa, mpaka jirani aliuliza kama msimu umeanza. Ya nne ilikuwa ya kwenye simu. Ilipenda sana nyuso. Ilitafuta uso kila mahali na ikiupata iliupaka weupe na kuubandika kope. Ilimbandika kope beberu wa Mama Alinda, na sitanii nikisema alipendeza.

Kila nilipobadilisha programu nilibeba kompyuta mpaka Kayanga, nikaiweka kwenye meza ya Fundi na kumweleza ubora wake. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayechagua mchumba kwa kutazama picha. Nilimwonyesha rangi, vichujio, namna mbingu ya Rugera inavyoweza kuwekewa mawingu ya nchi nyingine. Alingoja nimalize, kisha akauliza swali lake, lile lile kila safari.

"Ukikosea, inakurudisha mpaka wapi?"

Mwanzoni nilidhani haelewi. Nikamweleza kwamba kuna kitufe cha kurudi nyuma hatua moja moja. Akauliza na ukishaifunga? Ukifungua kesho? Nikasema sasa mzee, kesho ya nini, mimi nikimaliza nimemaliza. Akachukua kitambaa chake akaendelea kufuta lenzi.

Kwake yeye picha haikuwa ile karatasi uliyobeba nyumbani. Karatasi ilikuwa nakala tu. Picha ilikuwa negativu, na negativu haikutoka dukani. Watu walimwomba, wengine walitaka kuzinunua, alikataa. Alizihifadhi kila moja kwenye bahasha yake, na juu ya bahasha aliandika kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Nilipomuuliza ameandika nini, alisema ameandika cha kumkumbusha. Nilidhani ni majina na tarehe. Ningejua, ningeuliza zaidi.

Macho yake yalianza kuharibika, mtoto wa jicho pande zote mbili, na akawa anapima mwanga kwa kuuweka mkono juani. Alifunga mlango wa bluu bila tangazo. Binti yake, mwenye duka la vitenge Murongo, alikuja kumchukua yeye na sanduku lake la bati. Koti nasikia alimpa mtu wa kanisa. Sasa naye ni marehemu, na ninayoyaeleza mwishoni hapa ni ya mara ya mwisho nilipomwona. Nilimwendea kwa sababu ya shavu.

Kwenda Murongo kwangu si jambo dogo. Bodaboda mpaka Kayanga, halafu gari, halafu vumbi lote la Kyerwa, na wakati wote unajiuliza kama umefunga mlango wa jikoni. Nilishuka karibu na mpaka, nikapita katikati ya mizigo ya watu wa Uganda na wa kwetu, nikaulizia duka la vitenge la binti wa Fundi. Hata huko walimwita Fundi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, kofia safi kichwani, macho yameelekea mlangoni. Nikasema shikamoo. Alinijua kwa sauti.

"Marahaba," akasema. "Wewe umetoka nyumbani. Basi kuna aliyekufa."

Nikamwambia alikufa zamani, ila mimi nimemuua mara ya pili. Nikamsimulia yote: kioo, jipu, kusawazisha, na lile swali la kompyuta nililojibu ndiyo. Nilitegemea acheke au anigombeze. Aliuliza tu, taratibu, ile programu imenirudisha mpaka wapi.

"Mpaka hapa kwako," nikasema.

Akamwita binti yake, akamwambia atoe sanduku. Lilikuwa chini ya kaunta, chini ya majora ya vitenge, na ndani yake bahasha zimebanana kama kurasa. Hapo nikaona shida yetu. Mwenye kuandika haoni. Mwenye kuona, yaani mimi, sijui herufi hizo, na hata kuishika bahasha niliishika kichwa chini. Ikabaki binti, aliyesoma madrasa utotoni, na binti alikuwa na wateja. Basi akawa anapima kitenge, anarudi, anasoma bahasha tano, anakwenda kupima kingine. Alisoma kwa sauti ili baba yake asikie, na bahasha ya tatu tu alishindwa kujizuia, akaegemea kaunta akicheka.

Fundi hakuandika majina. Majina, alisema, watu hubadilisha wakibatizwa na wakiolewa. Aliandika mahali mtu alipotoka na kitu alichokiona yeye. Nyaishozi, anacheka kwa pua. Kayanga, anadai hajalala. Bugene, ndugu wawili, hawasemezani. Nkwenda, ameleta kuku naye apigwe. Wateja waliokuja kununua vitenge wakaanza kukaa. Binti alifika kwenye fungu la Rugera, akachomoa moja, akanitazama mimi, akatazama tena bahasha.

"Rugera," akasoma. "Kijana wa kidato cha nne. Anasimama kama anaomba ruhusa arudi nyumbani."

Wateja walicheka. Mimi nilisema inaweza kuwa mtu yeyote. Fundi akasema Rugera ni kubwa, kweli.

Ilikuwa ya kumi na kitu baada ya hiyo. Binti aliisoma bila kucheka, maana haikuonekana kuwa na kichekesho. "Rugera. Hataki kutema."

Fundi akanyoosha mkono. Alishika negativu kwa kingo, akainua kuelekea mwanga wa mlangoni kwa mazoea tu, kwa kuwa hakuona kitu. Akaniambia niangalie chini ya shavu la kushoto, kuna alama. Nikaangalia. Palikuwa na ukungu mdogo, kama mahali palipofutwa.

Hapo ndipo akanieleza. Bibi alikuja akitafuna. Fundi akampa kopo tupu ateme kwanza. Bibi akamjibu kwamba amekuja na uso wake, na kopo akamrudishia. Basi akampiga hivyo. Lakini alipokaa na penseli zake akaona shavu lile linaharibu kazi, akadhani anamfanyia mama wa watu hisani, akajaza kile kivuli cha chini mpaka shavu likalala. Bibi alipokuja kuchukua aliitazama, akaiweka juu ya meza, akasema huyo ni mdogo wake, na mdogo wake hakuagiza picha. Akakaa kwenye kigoda. Akamwambia atamngoja. Fundi akafuta penseli kwa pamba na spiriti, akaingia chumba cha giza, akasafisha nyingine bibi akiwa amekaa pale pale, anatafuna.

"Yale maneno yangu yote ya kovu na mwanya," Fundi akasema, "ni ya huyo mama. Mimi nilikuwa nakusomea tu."

Nilimkumbusha kwamba kwa miaka yote hakuwahi kuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nauliza kuhusu mawingu.

Kazi tuliifanya pale pale. Simu ya binti ilikuwa na kioo kikubwa, tukaiwasha iwe nyeupe tupu, tukaweka karatasi nyembamba juu yake, na juu ya karatasi negativu. Kamera niliiegemeza kwenye majora mawili ya vitenge. Fundi alishika kingo zisikunjike, vidole vimetulia kuliko vyangu, akaniambia nisipumue. Nikapiga mara sita. Nilipoomba niichukue negativu nyumbani nikaifanyie kazi vizuri, aliirudisha kwenye bahasha, akampa binti yake bahasha, na binti akaifungia sandukuni.

"Negativu haitoki," akasema. "Na wewe ndiyo kabisa."

Kabla ya kuondoka nilimwomba nimpige picha. Miaka yote ile sikuwahi kuona picha yake hata moja. Akasogeza kofia, akanyoosha mgongo. Ndipo nilipogundua, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwamba shavu lake la kulia limejaa. Mtu wa pwani, mkebehi wa kahawa ya mbuzi, na kopo liko chini ya kiti.

"Niteme?" akauliza.

Nikamwambia hapana.

Nyumbani nilifuta programu tatu na kubaki na moja, ile ya bure yenye vitufe vingi. Nilikuwa nimegundua, baada ya kusoma maelezo yake kwa mara ya kwanza, kwamba haigusi picha ya mwanzo. Kila unachofanya inakiandika pembeni, na ukitaka kurudi inakurudisha mpaka ulipoanzia, leo, kesho, mwakani. Nilikuwa nimeikataa kwa sababu haikuwa na kope. Niligeuza negativu iwe picha, nikaongeza mwanga kidogo, nikaondoa vumbi la Murongo, ambalo mwezi ujao lisingekuwepo. Ukungu wa penseli niliuacha. Vidole viliwasha, lakini niliuacha. Kayanga wakaniprintia kwa ukubwa alioutaka Mama Alinda.

Nilimpelekea Jumamosi asubuhi, kesho yake ibada. Alikuwa uani anamenya ndizi za wageni, maturubai yameshafungwa. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaipeleka kwenye mwanga. Alipitisha kidole gumba chini ya shavu, pale pale kwenye ukungu, taratibu, kama anayemfuta mtu mdomo. Nilianza kumweleza habari za penseli, akaingia ndani nikiwa bado naongea. Nikasikia kabati likifunguliwa. Akarudi na ile picha yangu ya kwanza, mwanakwaya wangu, akanishikisha mkononi, kisha akainua ile mpya.

"Huyu ndiye mama," akasema. "Yule mwingine katafute watoto wake."